Mkokoteni Uliosimama Jumapili

Wazee wetu, ndugu waumini, na majirani mliotoka Kalangalala alfajiri, familia imeniagiza nisome haya bila kuficha, kwa kuwa ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Marehemu Nathanaeli Maganga alizaliwa karibu na Shinyanga mwaka 1891, mwaka wa sotoka iliyoua ng'ombe, akalelewa kwa maziwa ya kuomba kwa sababu zizi la baba yake lilikuwa tupu. Alijifunza kusoma na useremala misheni kuanzia 1909, akabatizwa Pasaka ya 1911, na mwaka 1920 alifunga ndoa na Zipora Limi, wakajaliwa Mageni mwaka uliofuata, kisha Yakobo na Melania.

Agosti 1926 aliongoza familia saba kuja kufungua kijiji cha sala huku Geita, na kwa kuwa mbung'o wangeua ng'ombe njiani, alichonga mkokoteni akauvuta mwenyewe, huku jamaa wakimcheka kwamba Msukuma huyu ameuza ng'ombe ili awe ng'ombe yeye.

Jumamosi tarehe 14, walipokwisha kupita Masumbwe, Mageni alishikwa na homa. Zahanati ilikuwa mbele, mwendo wa nusu siku kupitia pori la simba, lakini kulipopambazuka Jumapili marehemu alikataa kuvuta, kwa kuwa wote walikuwa wameapa kutofanya kazi siku ya Bwana, Zipora akamsihi, akamwambia mtoto si mzigo, naye akajibu kwamba Mungu wanayemfuata hatawaacha, akaanzisha zaburi, na kabla jua halijatua Mageni akafariki, akazikwa kando ya njia.

Tangu siku ile Zipora hakumwita tena Baba Mageni, alimwita Seremala, kama wateja walivyomwita.

Marehemu alijenga kanisa hili, akaranda meza ya Bwana kwa mkono wake, lakini alipoitwa kwa mgonjwa popote alitoka na mkokoteni, hata Jumapili, hata katikati ya mahubiri, na mwaka 1931 wazee wakamtenga na meza ile ile, naye akahamia benchi la mlangoni, karibu na mkokoteni wake.

Mwaka 1936 aliajiriwa mgodini kuchonga nguzo za mashimo, hadi Machi mwaka huu kifua kilipomwangusha. Jumapili iliyopita pumzi ilipoanza kumwishia, jirani yetu Nassibu alishika mkono mmoja wa mkokoteni, Zipora akashika wa pili, wakamvuta kwenda hospitali, na pale kwenye mwinuko, marehemu alipoomba wapumzike kidogo, mkewe alimwambia, kaza roho, Baba Mageni, leo hatusimami. Wote tuliokuwa nyuma tulimwona marehemu akilia.

Alifariki jana, tarehe 17 Septemba 1938.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, mafundi wenzake wa mgodini, Nassibu na nyumba yake yote, na wazee wa kanisa, waliokubali leo Jumapili majembe yashikwe na kaburi lichimbwe.

Pumzika kwa amani, Baba Mageni, umefika.