Nyumba Ile Wanacheka Nini?

Ukitoka msikitini Waberi baada ya swala ya alasiri, jua la Garissa likiwa limeanza kuona haya kidogo, utawakuta wale wanne wameshakaa. Benchi lao ni ubao mrefu uliolazwa juu ya magurudumu mawili ya lori, kivulini mwa mwarobaini, mbele ya karakana ya Hesbon ya kuchomelea vyuma. Pembeni yupo Mulki na jiko lake la kahawa na kinu chake cha kutwangia tangawizi. Mzee Abdille, aliyefanya biashara ya ngamia mpaka magoti yakagoma, wanamwita Spika, kwa kuwa hakuna anayemaliza sentensi pasipo idhini yake. Munyao ni Mwalimu. Aliletwa kutoka Kitui kufundisha mwaka mmoja tu, akasahau kurudi. Hesbon, mtu wa Kisumu, wanamwita Moto, kwa kazi yake. Kwa ajili ya hao wawili wa bara, lugha ya benchi ni Kiswahili, kila mtu na chake. Wa nne ni Bishar, na Bishar jina lake ni Redio. Hana kifua. Habari ikiingia kwake asubuhi, adhuhuri imefika Hagadera, tena imenenepa njiani.

Basi huyo Redio, miezi kadhaa sasa, alikuwa amekaa na siri iliyomjaa hadi kooni. Bintiye Sagal aliolewa Kotile na mtu anayeitwa Sakariye, na Sakariye alikuwa akimpiga. Mara ya kwanza Sagal alipokimbilia kwao, wazee walikaa maslaha, kikao cha suluhu, kondoo akachinjwa, dua ikaombwa, akarudishwa. Mara ya pili vilevile, ila kondoo alikuwa mnono zaidi. Mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Mara ya tatu hakuja kwa baba. Aliipigia ile namba ya bure ya taifa ya kuripoti ukatili, 1195, aliyoiona kwenye bango la zahanati, na baada ya hapo mambo yakaenda mbio: wakili mmoja wa shirika la kutetea waliopigwa majumbani, mwanamke wa Meru aitwaye Kananu, mfupi wa kimo na mrefu wa maneno, akapata amri ya mahakama kwamba Sakariye asimkaribie, kisha akamtafutia Sagal chumba katika nyumba ya siri. Nyumba yenyewe ndiyo ile yenye geti la kijani, ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na benchi.

Bishar aliapishwa asiseme. "Mzee," Kananu alimwambia, "ukiitaja nyumba hii, humtoi nje binti yako peke yake. Unawatoa wote." Akaapa. Kijiweni akasema Sagal yuko kwa shangazi yake Hagadera, na tangu siku hiyo hakosi benchini, kwa sababu kutoka pale anamsikia mwanawe akicheka. Alikuwa hajakisikia kicheko kile tangu harusi. Kila kikipanda juu ya ukuta, Bishar huinamia kikombe chake ili watu wasimwone macho.

Shida ni kwamba benchi nalo lina masikio. Na wiki ile wanawake wa ndani walikuwa wanafanya mazoezi ya nyimbo za maandamano ya zile siku kumi na sita za kupinga ukatili, kwa hiyo kicheko kiliongezewa ngoma, makofi na vigelegele.

Siku hiyo aliyeanza ni Hesbon.

— Wazee, nyumba ile wanacheka nini? Kila siku sherehe, na bwana harusi haonekani.

— Ni studio, akasema Munyao. Wanarekodi nyimbo za kampeni. Mwanasiasa hapigiwi debe hadharani kabla ya wakati. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo methali inaingia wapi, Mwalimu?

— Mvunguni ndiko wanakorekodia. Kuna utulivu.

Bishar alicheka nao. Lakini neno lolote lililoelekea geti lile lilimtia hofu. Akaona heri awavute mbali.

— Mimi nimesikia ni timu ya mpira, akasema. Timu ya akina mama. Wanafichwa hapo mpaka wafike fainali, ndipo watangazwe.

— Mpira na ngoma? akauliza Hesbon.

— Wakifunga goli si lazima washangilie?

— Kwa hiyo wanafunga goli mchana kutwa? Kipa wao ni tumbusi, anakaa kutazama tu?

Mzee Abdille akainua fimbo, benchi likanyamaza. Abdille husema b penye p na s penye z, na hajawahi kuona haja ya kuomba radhi.

— Nyinyi nabiga kelele bure. Hiyo ndani iko ngamia.

— Ngamia!

— Ngamia ya serikali. Ya utafiti. Ngamia ya jike ikikataa kutoa masiwa, sisi naimbia yeye. Babu yangu aliimba mbaka sauti ikabotea. Sasa serikali imeleta wanawake, wanaimba kwa samu, masiwa nakuja kama bomba. Wanawake naona, wanacheka.

— Spika, hizo ni stori za jaba, za watafuna miraa, Hesbon akasema. Ngamia haipiti kwa ile geti. Ile geti upana wake ni... Akakohoa. Yaani ukiangalia tu kwa macho, haipiti.

— Iliingia ikiwa ndogo.

Hapo Mulki mwenyewe aliacha kutwanga akacheka, na Mulki si mtu wa kucheka bure. Munyao akajipiga kofi pajani.

— Kweli kabisa! Samaki mkunje angali mbichi! Ndiyo maana wakaiingiza ikiwa ndama.

— Hiyo imeingia vizuri, Mwalimu, leo umepata moja, akasema Bishar.

Lakini Munyao akipata moja hutaka mbili. Akasogea mbele, akashusha sauti.

— Kusema kweli, mimi nina lingine. Wale wanapelekwa mwezini. Ni mafunzo. Na mnajua kwa nini wanafurahi? Mwezini hakuna waume.

Bishar akaona hilo limekaribia mno. Wanawake wasiotaka kuwa karibu na waume: bado hatua moja tu, kesho mtu wa nne atasema kweli kwa bahati mbaya, keshokutwa imefika Kotile.

— Mwezini hakuna hata maji, akasema haraka. Mimi narudi kwa ngamia. Ngamia nimemsikia kwa masikio yangu mwenyewe, usiku, akipiga miayo.

— Si nilisema! akasema Abdille, akamtazama Bishar kwa huruma ambayo Bishar hakuielewa.

Ikasimama bodaboda. Aliyeshuka alikuwa kijana nadhifu, kikoi kipya, manukato yanayotangulia mtu. Bishar alimjua kabla hajageuka. Akaweka kikombe chini.

— Assalaamu alaykum.

— Wa alaykum salaam, benchi likaitika.

— Soddog, akasema Sakariye, kwa heshima ile ya mtu na baba mkwe wake, akimpa Bishar mkono wa kulia. Habari ya siku nyingi?

— Alhamdulillah.

Sakariye hakukaa. Akawazungukia wote kwa tabasamu, kama mtu ambaye hajawahi kuvunja hata yai.

— Adeer zangu, ami zangu, mimi natoka Kotile. Watu wamenionyesha benchi hili. Wameniambia, hapa hakuna swali linalorudi bila jibu. Nimesikia Waberi kuna nyumba wanaficha wake za watu. Ni nyumba gani?

Ng'ambo ya barabara ngoma ilinyamaza. Na katika ule ukimya, juu ya ukuta, kikaanza kicheko cha Sagal. Kicheko chake huanza kama kwikwi, moja, mbili, kisha ndipo kimwagike. Kwikwi ya kwanza Bishar aliisikia ndani ya mifupa.

— Ngamia haiwezi kuishi ndani ya nyumba! Hesbon akapaza sauti ghafla, akasimama.

— Inaishi! Abdille akanguruma. Nani amekufundisha ngamia, wewe mtu ya samaki?

— Samaki umeitaja kwa nini? Samaki imekukosea nini?

— Waungwana! Waungwana! Munyao naye akapiga makelele ya darasani, yale ya kunyamazisha watoto sabini. Penye wengi pana Mungu! Mmoja mmoja!

Mulki akashika mchi akatwanga tangawizi kwa nguvu zote, kinu kikalia kama kinataka kupasuka. Bishar akazinduka, akaona riziki ya Mungu imemwangukia mapajani, akaingia na yeye, akisema ngamia, samaki, Kisumu, Wajir, chochote kilichomjia kinywani mradi kiwe kikubwa. Watoto wa mtaa wakaja kutazama. Punda wa mkokoteni wa maji akagoma kupita. Mabishano yale yalidumu mpaka ngoma ikaanza tena ndani, ikameza kila kitu, ndipo yakakatika kama yalivyoanza.

Sakariye alikuwa bado amesimama. Tabasamu lilikuwa limepungua.

— Nimeuliza nyumba.

— Sijui, akasema Mzee Abdille.

Neno hilo Bishar hakuwahi kulisikia kinywani mwa Abdille tangu wajuane.

— Sijui, akasema Munyao.

— Hata mimi sijui, bro, akasema Hesbon.

— Mimi nauza kahawa, akasema Mulki.

Sakariye akamgeukia Bishar.

— Soddog. Wewe habari haikupiti. Mke wangu yuko wapi?

Bishar akasimama. Alikuwa na hofu, na juu ya hofu alikuwa na hasira, hasira ya kondoo wale wawili aliowala kwa furaha huku mwanawe akifungasha nguo za kurudi.

— Sijui, akasema. Na ningejua nisingekwambia. Una neno, mpelekee hakimu. Yeye ndiye aliyekukataza, si mimi. Na mimi nikikuona tena mtaa huu, nitakwenda kumwambia.

Wale watatu wakasimama pia, taratibu, kila mmoja na magoti yake. Sakariye akawatazama: mzee mwenye fimbo, mwalimu mwenye chaki kwenye kola, fundi mwenye nyundo mkononi. Akapanda bodaboda akaenda zake.

— Nimeshawapigia askari wa dawati la jinsia, akasema Mulki, akirudisha simu kwenye kanga. Watamsubiri kituo cha magari ya Masalani, yale yanayopita Kotile, wamkumbushe amri ya mahakama.

Benchi likakaa. Kisha Bishar akaanza kuelewa, polepole.

— Nyinyi mnajua, akasema.

Hesbon akajikuna kichwa.

— Ile geti nilichomelea mimi, Redio. Makomeo matatu, yote kwa ndani. Nani huweka makomeo matatu kwa ndani?

— Mke wangu Kasyoka huwafundisha cherehani humo, akasema Munyao. Anasema Sagal ana mkono mwepesi kuliko wote.

— Nyumba ni yangu, akasema Abdille. Huyo Kananu alikuja kuomba, nikambatia.

— Na mimi hamkuniambia!

— Tukwambie wewe? Abdille akapandisha sauti kwa uchungu wa kweli. Redio? Sisi ndiyo nakuficha wewe! Wewe ulisema mtoto iko Hagadera, tukaona, maskini, amedanganywa. Tukasema, akijua tu, kesho iko Kotile. Kila siku nafikiri uongo ya kukubotesha. Wallahi, Bishar, mimi nimechoka. Ngamia! Mtu ya umri yangu!

Bishar akawatazama mmoja mmoja.

— Nilimleta mimi, akasema. Kwa gari la ndugu yangu, ile Probox, alfajiri. Nililibeba begi lake mimi mwenyewe mpaka getini.

— Wewe?

— Mimi. Na nilikuwa nawaficha nyinyi.

Hesbon akaketi chini kabisa, vumbini, akacheka mpaka akashika mbavu. Munyao alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mzee Abdille akaenda akampa Bishar mkono, akauvuta, akamkumbatia kama mtu aliyerudi Hija. Bishar alilia mbele ya watu, bila kuficha uso, na alikuwa na furaha kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka ule. Miezi yote hiyo alidhani ni yeye peke yake anayemlinda binti yake.

Mulki akawajazia vikombe.

— Haya, akauliza. Sasa kila mtu anajua. Kesho mtabishania nini?

Wakatazamana. Ng'ambo, ngoma ilikuwa imepamba moto, na sasa zilisikika sauti nyingi, nyingine za wasichana wadogo kabisa, ambao baba zao hawakuwa benchini na pengine walikuwa barabarani wakiwatafuta. Bishar akafuta macho kwa ncha ya kikoi.

— Kwani tunajua nini? akasema. Mimi sijui nyumba ile ni ya nini.

Mzee Abdille akalifikiria hilo, akanywa funda moja, akaweka fimbo yake sawa.

— Mimi nasema ndani iko twiga.

Hesbon akakataa palepale, kwa sauti kubwa, ili mtaa mzima usikie.