Jiwe la Damiani Halijaenda Bonga

Kijiwe cha Herieli kilikuwa kwenye kona ya duka la ushirika, pale Babati mjini, chini ya ukuta uliokwisha rangi siku moja na bidhaa za ndani. Mwaka ule duka lilibaki na mizani, kaunta na paka. Sukari, sabuni na khanga tulikuwa tunazisikia kwa watu waliotoka Arusha. Lakini kahawa ilikuwepo, Mungu ashukuriwe, chungu kama dawa ya minyoo, na Herieli aliimimina tangu asubuhi bila kumwuliza mtu kama anataka sukari, maana kuuliza tu kungekuwa kejeli. Wateja wake wa kudumu walikuwa watatu. Kwanza Hilary, tarishi wa ofisi, aliyeitwa Kibali kwa sababu kwake hakuna jambo duniani lisilohitaji kibali. Halafu Basil, utingo wa lori mpaka lori likakosa tairi, naye aliitwa Injinia. Wa tatu Romanus, aliyeitwa Karani kwa ajili ya mwandiko wake mzuri na sauti yake ya kusoma mbele za watu. Kibali na Injinia walikalia benchi. Karani alikalia jiwe.

Na hilo jiwe ndiyo habari yenyewe. Halikuwa jiwe la kuokota njiani. Lilichongwa kwa mkono, pembe zake zimenyooka, juu laini, na ubavuni, upande wa barabarani, lilikuwa na jina: DAMIANI. Lilikuwa jiwe la kaburi la rafiki yao. Karani alilikalia kila asubuhi, na miguu yake alikuwa anaining'iniza pale pale kwenye jina ili wapita njia wasilisome.

Usimtukane kwanza, sikia lilivyofika. Siku ya mazishi kule Bonga, kijijini kwa marehemu, Karani ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri mno, watu wakalia, na yeye mwenyewe kilio kikampanda kichwani. Akamgeukia mama wa marehemu mbele ya umati:

— Mama, mwanao hatalala chini ya udongo mtupu. Sisi wa kijiweni tutamwekea jiwe.

Mama Damiani alimshika mkono kwa mikono yake miwili, hakusema kitu. Afadhali angesema, kwa sababu mshiko ule Karani alishindwa kuusahau.

Wakaenda kweli machimboni, nyuma ya Singe, wote watatu. Walikuta shimo pana, na ndani yake wanaume wamejaa vumbi mpaka kope, kila mtu na nyundo yake na tindo yake. Mashine hakuna. Mtu analizunguka jabali, analigonga na kulisikiliza, kisha anatoboa vitundu kwa mstari, anachomeka kabari za chuma, halafu anazipiga moja moja, polepole, mpaka jabali linaachia lenyewe kwa mlio mdogo. Fundi mmoja anaitwa Egidius aliwauliza jiwe ni la nani. Waliposema la Damiani, aliweka nyundo chini.

— Damiani mhunzi?

— Huyo huyo.

— Hii tindo aliinoa yeye. Na ya yule pale. Humu shimoni hakuna chuma ambacho hakikupita kwenye moto wa Damiani. Kaeni kivulini, jiwe nitalikata mimi.

Nao wakakaa kivulini. Walikaa siku nzima! Egidius anapiga, jasho linamchirizika, vidole vimechubuka, na wao wanatoa maoni. Injinia alifikia hatua ya kumwelekeza namna ya kushika nyundo. Mchango wa Karani ulikuwa kuandika jina kwa kipande cha mkaa, fundi akalifuata kwa ncha ya tindo. Jioni Egidius alivua shati, akafuta vumbi kwenye herufi, akawasaidia kulipakia kwenye mkokoteni wa punda. Malipo alikataa.

Mkokoteni ulipofika kona ya Herieli, mmoja wao akasema tunywe kahawa kwanza. Wakalishusha jiwe ili punda wapumue. Mwenye punda akachoka kusubiri maneno yao yaishe, akaondoka zake.

Hiyo ilikuwa kabla ya masika. Wiki ya kwanza waliliheshimu, wakawa wanalizunguka. Baadaye Injinia aliegesha kikombe juu yake. Baadaye tena Kibali akaweka kofia. Kisha mvua ikanyesha, benchi likalowa, na Karani akakaa kidogo tu, kwa ncha ya kalio. Mvua zilikatika zamani, naye bado amekaa. Sokoni akiwaona wanawake wa Bonga na vikapu vyao hupitia uchochoroni, kichwa chini kama mwizi.

Asubuhi moja aliyeanza ni Kibali.

— Jana nimekutana na mtu wa Bonga. Kaniuliza jiwe.

— Ukamjibu nini? Karani akauliza upesi.

— Saruji. Nimemwambia saruji ina kibali, kibali kiko mezani Arusha, kinangoja sahihi, na mwenye sahihi kasafiri.

— Kasafiri tangu masika?

— Petroli, bwana! Atarudi na nini, na ungo?

Injinia akatikisa kichwa kwa huruma ya mtu anayejua zaidi.

— Mnahangaika na saruji bure. Hata ishuke lori zima leo, mimi jiwe siruhusu. Jiwe likitoka shimoni ni bichi. Nimeyabeba sana mimi. Lazima likae juani lizoee hewa ya mjini, la sivyo linapasuka. Na likipata mtu wa kulikalia ndiyo safi, joto linaingia taratibu.

— Kumbe Karani yuko kazini!

— Yuko kazini kabisa! Anamkaushia marehemu.

Wakacheka mpaka Kibali akamwaga kahawa. Karani naye alicheka, akajisikia anavyocheka, na ule uso wake ukawaka kwa aibu. Alitamani ainuke. Lakini akiinuka jina litaonekana, na barabara ilikuwa imejaa watu. Akabaki.

— Halafu kuna sheria, Kibali akaendelea, sasa kapata moto. Jiwe juu ya saruji ni nini? Ni jengo! Jengo bila kibali. Siku hizi mtu anakamatwa kwa miche mitatu ya sabuni uvunguni. Wakija wakauliza saruji mmeilangua kwa nani, tutasema nini? Mnataka Damiani awe mhujumu uchumi na kashakufa?

— Ziwa je? Injinia akadakia.

— Ziwa linaingiaje hapa?

— Ziwa Babati, bwana, maji yake yanatembea chini kwa chini mpaka Bonga. Ardhi ya kule inasogea. Leo unaweka jiwe juu ya Damiani, mwakani unarudi, jiwe lipo, Damiani yuko kwenye mahindi ya jirani.

— Injinia, acha kamba, Herieli akasema huku anapepea mkaa.

— Kamba? Haya, wewe nieleze wale punda. Kwa nini waligoma hapa hapa, mbele ya birika lako? Nani aliwaambia? Damiani mwenyewe! Kahawa yako aliipenda. Mtu kachagua mahali pake, nyie mnataka kumhamisha kwa nguvu. Hiyo ni dhambi, nawaambieni.

Hapo Karani ikamtoka:

— Punda hawakugoma. Sisi ndio tulisema tunywe kahawa.

Injinia alimtazama kama mtu aliyetemewa mate.

— Karani, leo umeamka na nani?

— Nimesema ukweli tu. Tuliahidi, tukaletewa jiwe bure, tukakaa.

— Aliyeahidi ni wewe, Kibali akasema. Na aliyekaa ni wewe.

Lilimwingia hilo. Lilikuwa kweli tupu, na limesemwa na mtu ambaye hakuwahi kumwambia ainuke.

— Jamani, Herieli akasema kwa sauti ndogo. Yule si Mama Damiani?

Alikuwa ni yeye. Anatoka njia ya Bonga kwa miguu, mwembamba, vumbi mpaka magotini, debe kichwani, mkono mmoja umelishika. Alikuja moja kwa moja kijiweni.

Mkubwa akifika unasimama. Karani alilelewa hivyo, na mwili ukasimama kabla ya akili kuwahi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Hamjambo? Nitueni kwanza.

Karani akapokea debe. Lilikuwa zito, likambonyeza mikono. Alipoliweka chini na kugeuka, mama alikuwa ameshajishusha kwenye nafasi aliyoachiwa. Amekaa juu ya jiwe, kitenge chake kimeshuka kimefunika jina.

— Mama, njoo huku kwenye benchi! Injinia alisimama kama aliyechomwa na siafu.

— Hapa panatosha, mwanangu. Pana ubaridi mzuri. Nimechoka mimi.

Herieli akampa kahawa. Mama akanywa, akahema, akalionyesha lile debe kwa kidevu.

— Saruji hiyo. Ilibaki parokiani walipoziba ufa wa sakristia, padre akanigawia. Mlinitumia salamu kwamba kinachokwamisha ni saruji. Nikasema nisiiweke ndani, itaganda. Sasa twendeni. Jiwe la mwanangu liko wapi?

Kibali aliangalia ndani ya kikombe chake. Karani alifungua mdomo, na katika ile nafasi ndogo ya kutafuta maneno, Injinia akamtangulia:

— Jiwe liko machimboni, mama. Fundi analimalizia malizia.

Mungu wangu! Karani alihisi masikio yanaungua. Palikuwa na muda wa kusema hapana, mama, huyu anadanganya. Muda ulikuwepo wa kutosha kabisa. Akauacha upite, akaona unavyopita.

— Kumbe bado, mama akasema bila lawama. Maskini mtoto wa watu, kazi ya mkono ile ina taabu. Na anatufanyia bure. Basi nitakwenda Singe mwenyewe. Nina viazi humu kwenye kitenge, nitampa ale, nitakaa naye mpaka amalize.

— Mama, jua kali! Kibali akasema.

— Nimetoka nalo Bonga.

— Mama, pumzika kwanza, tutakwenda sisi, Karani akasema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

— Nyie mna kazi zenu, mwanangu. Mmenisaidia vya kutosha. Kila nikisali rozari nawataja, wewe na hawa wenzako.

Akamrudishia Herieli kikombe. Ili ainuke, alishika ubavu wa jiwe kwa mkono wa kulia, ajisukume. Vidole vikaingia kwenye herufi. Akatulia. Akasogeza kitenge pembeni, akapapasa tena, polepole, herufi kwa herufi, toka mwanzo mpaka mwisho.

— Hapa pamechongwa maandishi, akasema. Pameandikwa nini?

Injinia, aliyejua maji ya ziwa yanapopita chini ya ardhi, aliangalia kandambili zake. Kibali alivaa kofia yake, akaivua. Herieli alimimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa, ikafurika, ikamwagika mavumbini, naye akaendelea kumimina mpaka birika likabaki na machicha.

— Mimi kisomo cha watu wazima nilikikimbia nikaenda kupalilia, mama akasema, akajicheka kidogo. Karani, wewe ndiye msomaji. Siku ile ulitusomea vizuri, hata mimi nilisahau kulia. Hebu nisomee na hapa.

Karani akapiga magoti mbele ya jiwe. Herufi zilikuwa kubwa na safi, mtoto wa darasa la kwanza angezisoma bila kukwama. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Alitaka kulisoma lile jina. Wallahi alitaka. Alifungua mdomo, akaufunga, macho yakamjaa, akabaki amepiga magoti mavumbini barabara nzima inamwona.

Mama alingoja, mkono wake bado uko juu ya maandishi. Hakuwa na hasira yoyote usoni.

— Au na wewe hujui kusoma, mwanangu? akamwuliza.