Kilio Tulichokipa Mgongo

Siafu walikuwa wameshamfika shingoni. Mwanangu amesimama nyuma ya banda la kuku, anapiga kelele, na mimi mama yake nimekaa pale uani napukuchua mahindi, nimempa mgongo. Mawifi zangu nao wamempa mgongo. Hakuna aliyegeuka. Tulikuwa tunatii.

Aliyemwokoa ni jirani aliyekuwa anapita na kuni kichwani. Akatupa mzigo, akamvua mtoto shati, akatufokea: "Nyie wanawake! Mtoto analia mnamsikiliza kama redio?"

Ndugu zangu wa mkutano huu, nawaambia, neno lile linaniuma kuliko siafu.

Sasa nirudi nyuma mnielewe. Mimi natoka kijijini, ukishuka Kabuku unaingia ndani. Shule niliishia darasa la nne. Jumaa wangu ana usonji, hasemi. Watu wakizidi, au jua likizidi, alikuwa anapiga ukelele. Na kwetu kilio cha mtoto ni cha yeyote anayekisikia. Mama mkwe wangu alikuwa anamfunga kwenye kanga, anamwimbia Kizigua mpaka anatulia. Bibi hayupo, wifi anakwenda. Wifi hayupo, hata mpita njia. Sote tumelelewa hivyo.

Nikamleta hapa Korogwe, kwenye kituo hiki cha watoto kama yeye, afundishwe. Mwalimu Gasto, ndiyo, namtaja, akaniambia: "Mama Jumaa, mnamdekeza. Akipiga kelele msimgeukie. Mkigeuka mnamfundisha kwamba kelele ndiyo njia ya kupata anachotaka."

Nikamuuliza, "Hata bibi yake?"

"Hata bibi. Mmoja akigeuka, kazi yote imeharibika."

Hakuuliza kwetu tunaishi vipi. Hakuuliza mtoto akilia huwa anakwenda nani. Hakusema tutazame kwanza kama ameumia. Mtoto asiyesema unamnyang'anya kilio, halafu humpi kitu cha kuitia watu! Lakini mimi nikajiambia, huyu kasoma, mimi nani? Nikarudi nikawakataza wote. Mama mkwe akagoma: "Mjukuu wangu alie nimtazame? Labda mnizike kwanza." Nikamgombeza, mkwe wangu mzima, mbele za watu. Siku ya siafu alikuwa amekwenda msibani Mnyuzi. Angekuwepo asingesubiri.

Vidonda vilipona. Kilichokuja baadaye ndicho kilinimaliza: Jumaa akaacha kulia. Nilipomwambia Mwalimu Gasto, akafurahi! "Unaona? Imefanya kazi." Haukupita muda nikamkuta mtoto jikoni amekanyaga kaa la moto, machozi yanamtiririka, mdomo kaufunga. Alishajua hakuna anayekuja.

Ndipo kituo kikamleta Dada Neema, mwalimu mpya. Huyu alikuja mpaka nyumbani, akakaa mkekani, akasema, "Shikamoo, bibi. Akilia hapa, huwa mnafanyaje?" Mama mkwe akanitazama mimi kwanza, ndipo akamjibu. Basi tukapangiwa kazi kwa jinsi tunavyoishi: Jumaa afundishwe kuvuta nguo ya aliye karibu, na anayevutwa, awe yeyote, aache alichoshika amfuate. Dada Neema akaanza na bibi, kwa nyimbo zake zilezile za Kizigua. Ilikuwa polepole mno, nilikata tamaa mara nyingi. Siku moja akamvuta yule jirani wa kuni, naye akapiga kicheko: "Jamani, leo redio imenishika kanga!"

Halafu mavuno haya tuliyomaliza, mwiba ukamwingia mguuni shambani. Akanivuta kanga. Nikachelewa kidogo kugeuka, akapiga ukelele, ule wa zamani. Nikatupa jembe, nikapiga vigelegele huku namkimbilia. Watu wakadhani nimerukwa na akili. Mama mkwe analia, anacheka, anasema, "Karudi. Mtoto karudi."

Nakushukuru, jirani yangu. Nakushukuru, Dada Neema. Mama, nilikugombeza kwa jambo ulilokuwa na haki nalo, nisamehe mbele ya hawa. Na nyinyi wazazi, anayetaka kumfundisha mwanao, kwanza aje aone mnavyoishi. Akikwambia fanya jambo ambalo moyo unakataa, muulize kwa nini, hata kama hujasoma.

Lakini sijakaa bado. Mwalimu Gasto, nakuona umekaa pale dirishani. Na wewe Msimamizi wa kituo, uliyemkabidhi watoto wetu bila kumwambia aulize tunavyoishi. Ni nani kati yenu aliyeamua mtoto wangu asigeukiwe, na watoto wa wenzangu wangapi bado wanapewa mgongo leo? Nijibuni hapahapa, wote wasikie. Nimelia mbele yenu. Msinigeuzie mgongo.