Vidonge vya Sponji

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliotolewa kwenye kochi lililokwisha kazi, ukaegemezwa kwenye ukuta wa karakana ya Sponji, jirani na kibanda cha kunyolea. Sponji ni fundi makochi. Jina alipewa kwa sababu ya kazi, mwili ukaja baadaye kulithibitisha. Kulia kwake hukaa Kinyozi, mwenye kibanda, mwembamba kama kitana chake ila mdomo hauna breki. Kushoto hukaa Takwimu, mstaafu aliyekuwa akisoma mita za maji, ambaye hajui kusema jambo bila kulitia asilimia. Na mbele yao, juu ya ndoo iliyopinduliwa, Mama Birika na kahawa yake. Asubuhi hiyo Sponji peke yake hakuwa na kikombe. Alikuwa anakwenda kliniki kupimwa damu, na kipimo hicho kinataka tumbo tupu. Sasa mkalishe mtu wa kilo zile, mwenye njaa, katikati ya watu wanaokunywa, halafu utegemee amani!

– Sponji, usinitazame mdomoni bwana, alisema Kinyozi. Kahawa inanikwama.

– Kunywa tu. Mimi nawaza yangu.

– Unawaza nini? Wewe una watu. Wangapi wanakwenda kliniki wakiwa na watu nyuma yao?

Hapo Kinyozi hakusema uongo. Mambo yalianza siku nesi alipomwambia Sponji kwamba sukari yake haijawa ugonjwa bado, ila iko mlangoni inabisha hodi. Na kilichoiita ni kitambi. Kukawa na utafiti hapo hapo hospitali: watu wa aina yake wanapewa vidonge, kimoja kila siku, ionekane kama mlango utafungika. Nusu yao wanapewa dawa yenyewe, nusu wanapewa vidonge vitupu visivyo na kitu ndani, na hakuna anayejua kapata kipi, hata nesi anayegawa. Sponji alitia sahihi bila kupepesa macho, kwa ajili ya dada yake mkubwa. Dada huyo ndiye aliyemlea. Sukari imemkatisha mguu, na siku hizi anashinda kwenye kochi aliloshonewa na mdogo wake.

Lakini ushujaa wote ulimwishia getini. Akaanza kujiuliza: kikiwa dawa kweli, kitanifanya nini tumboni? Na kikiwa kitupu, nakimeza cha nini? Akalileta suala benchini, na benchi likapitisha uamuzi kwa kauli moja. Chupa iletwe kila asubuhi, wale watatu wameze kwa zamu, mpaka ijulikane vidonge ni vya kweli au ni vya kudanganyishia. Sponji nusura alie, kwa kupata marafiki wa namna ile.

– Haya, tufunge hesabu kabla hajaondoka, alisema Takwimu akijikohoza. Mimi nasema ni dawa kweli, asilimia themanini na mbili.

– Hizo mbili umezitoa wapi?

– Hizo ni za uzoefu. Wewe toa ripoti yako.

Kinyozi akasimama, akavuta suruali kiunoni ili kila mtu aone nafasi iliyobaki.

– Mnaona? Hapa palikuwa pamejaa.

– Hapo hapajawahi kujaa tangu uzaliwe, alisema Mama Birika.

– Mama, usiingilie sayansi! Tena si kiuno tu. Mama mkwe wangu kakaa kwangu wiki nzima na sijakasirika. Niambie, kidonge kitupu kinaweza kufanya hivyo?

– Hakiwezi, alikubali Takwimu. Mimi kila nikimeza, usiku naota mita. Lakini namba zinarudi nyuma! Miaka yote kazini sikuwahi kuona mita inayorudi nyuma, isipokuwa ile ya mwenye baa, na yule aliipiga sumaku. Maana yake mafuta mwilini yanapungua.

– Na wewe Mama Birika? aliuliza Kinyozi.

– Mimi nimeacha kukoroma.

– Umejuaje, na unalala peke yako?

– Majirani wamekuja kugonga. Walidhani nimekufa.

Benchi zima liliangua kicheko, na Sponji naye akacheka, ingawa tumbo lilimvuta. Kulikuwa na jambo limemkaa rohoni tangu alipokwenda kliniki mara ya mwisho, na hakuweza tena kulibana.

– Jamani, sukari yangu ilipanda. Safari iliyopita. Nesi kaona chupa tupu, kanipongeza, kasema mimi ni mfano wa kuigwa, sijaruka hata siku moja. Halafu kapima, kakuta imepanda. Nilimwona uso wake ukibadilika.

– Imepanda ili ishuke, alisema Kinyozi papo hapo. Hiyo ni kawaida ya dawa kali.

– Acha wewe!

– Kweli! Inajikusanya kwanza pamoja, ikimaliza kujikusanya inatoka yote kwa mkupuo.

– Siyo hivyo, alisema Takwimu, akishusha kikombe kwa heshima zote. Nimelifikiria hili. Mafuta hayapotei, ndugu zangu. Yanahama. Sisi watatu tunapungua, si ndiyo? Sasa mafuta yetu yanakwenda wapi? Yanakwenda kwa aliye karibu. Nani yuko karibu? Sponji, amekaa katikati yetu! Na yanayozidi yanavuka barabara. Hamjamwona mwenye duka la vipuri alivyonenepa?

– Yule kaoa, alisema Mama Birika.

– Kaoa, lakini kiasi kile?

– Basi Sponji ahame benchi! alisema Kinyozi. Akae kule kwenye nguzo ya umeme.

– Nguzo ya umeme ndiyo hatari zaidi, alisema Takwimu. Unataka yapite kwenye nyaya yaingie majumbani? Mtaa mzima uamke na vitambi?

– Ndiyo maana umeme unakatikakatika! alisema Kinyozi, naye akaonekana kuamini kabisa alichokisema. Na ndiyo maana hata nesi hajui kidonge ni kipi. Wakubwa wanajua mafuta yanahamia wapi, wanaogopa kumwambia.

Sponji aliwasikiliza akiwatazama mmoja mmoja. Alitaka sana kuamini. Angependa kwenda kliniki akiwa na maelezo yoyote mkononi, hata hayo ya nyaya, kuliko kwenda akiwa mtupu na kumwona tena yule nesi akiuma midomo.

Wakati huo mama mmoja alikuwa ameshafika kitambo, kabeba stuli iliyochanika ngozi. Hakuna aliyewahi kumwona pale. Sponji alimwomba asubiri kidogo, Mama Birika akammiminia kahawa, naye akakaa juu ya stuli yake mwenyewe akinywa taratibu na kusikiliza. Akaongezewa ya pili. Ilipofika habari ya umeme, akainua mkono kama yuko darasani.

– Samahanini, mimi ni mgeni hapa. Huyu kaka hao watu wa utafiti ndio waliompa vidonge?

– Ndiyo.

– Na ninyi mnameza kwa zamu.

– Kwa uaminifu mkubwa, alisema Takwimu.

– Kimoja kwa siku?

– Kimoja kwa siku. Hatuna ulafi.

– Sasa kaka, wewe vyako unameza saa ngapi?

Sponji akageuka kushoto. Akamtazama Takwimu. Takwimu akatazama angani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na asilimia. Kinyozi akaanza kupuliza nywele kwenye mashine yake, ambayo alikuwa ameshaisafisha.

– Simezi, alisema Sponji. Sijawahi kumeza hata kimoja.

Alijisikia aibu, ikampanda mpaka masikioni. Nesi wa watu amempongeza kwa chupa tupu! Huko kwenye utafiti wameandika kwamba mtu huyu kameza kila siku na sukari imepanda. Kama dawa ile ni nzuri, yeye na wenzake wameipakazia ubaya. Pengine kuna mtu mahali ambaye dawa hiyo ingemwokoa mguu, na itatupwa kwa sababu ya benchi moja.

– Dada yangu alikuwa hajui kama ana sukari mpaka kidole kilipogeuka rangi, alisema. Hakupata hata nafasi ya kukiogopa kidonge. Mimi nimeipata, nimekaa nayo hapa napiga soga. Naenda kumwambia nesi ukweli. Nitamwambia sijaanza. Wakinifukuza, haya. Wakiniruhusu, chupa mpya nameza mwenyewe. Ikiwa chaki, basi nitakuwa mtu wa chaki!

– Subiri kwanza, alisema Kinyozi kwa sauti ndogo. Ukimwambia, atataka kujua nani alimeza.

– Si ninyi?

– Ndiyo hapo sasa. Mimi... unajua, kaka, mimi nina watoto wadogo. Vyangu nilikuwa navifagia pamoja na nywele.

– Kinyozi! Na kiuno je?

– Suruali nimeazima kwa shemeji.

Sponji akamgeukia Takwimu. Mzee wa watu hakungoja kuulizwa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa leso iliyofungwa fundo, na alipoifungua vidonge vikaonekana vyote, vyeupe, vimeanza kushika manyoya ya mfukoni.

– Ndoto za mita ni za kweli, alisema. Hizo huwa naota hata bila dawa.

Macho yote yakahamia kwenye ndoo.

– Msiniangalie hivyo, alisema Mama Birika. Mimi siwezi kutupa dawa ya hospitali, ni dhambi. Na kumeza niliogopa. Nikasema, tena kwa moyo mweupe kabisa, kwa nini nifaidi peke yangu? Wateja wangu wengi wana vitambi.

– Mama, ukafanya nini?

Mama Birika akainua kifuniko cha birika, akachungulia ndani, akakirudisha polepole.

– Siku za zamu yangu nilikuwa navikoroga humo.

Vikombe vilisimama hewani. Kinyozi, ambaye alikuwa na funda mdomoni, alibaki nalo, mashavu yamevimba, hajui alimeze au alifanyeje. Takwimu alianza kuhesabu kwa vidole wapita njia wote waliokunywa kahawa pale tangu utafiti uanze, akafika kwa diwani, akaacha. Sponji alikaa chini tena, mzito, akishika kichwa. Alikuwa ameshajua la kumwambia nesi, neno moja safi. Sasa hata hilo wamemharibia, maana kahawa ile alikuwa anainywa kila siku isipokuwa leo.

– Leo ilikuwa zamu ya nani? aliuliza.

– Yangu, alisema Mama Birika.

Sponji akainuka. Hakugomba. Alichukua birika kwa mkono mmoja, leso ya Takwimu kwa mkono wa pili, akashika njia ya kliniki, kitambi mbele, hatua ndefu ambazo mtaa haujawahi kumwona akizipiga. Mama Birika akamfuata mbio akidai chombo chake cha kazi. Takwimu na Kinyozi nao wakafuata, mmoja akisema yeye ni shahidi, mwingine mashavu bado yamejaa.

Yule mama mgeni alibaki peke yake juu ya stuli iliyochanika, kikombe cha pili kimeisha mkononi. Akawapigia kelele mgongoni:

– Jamani! Na mimi, nimekunywa dawa au kahawa?