Kipande cha Pembeni: Kumuaga Mama Gundi wa Chumba cha Tishu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, mtaalamu wetu mwandamizi wa maabara, Mama Gundi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni. Kama baadhi yetu, alianza kwa kuosha vioo na akasoma jioni kwa fedha zake mwenyewe.

Jina alilipata kwa kufundisha. Seli, alisema, hazikai pamoja kwa mazoea. Zinashikanishwa na protini zilizo kwenye kingo zake, kama gundi. Protini hizo zikilegea kwenye ngozi, malengelenge hutoka. Zikipotea kwenye uvimbe, seli huachana na kutembea moja moja hadi kusikotakiwa. Mwanafunzi aliyesinzia aliambiwa, "Mwanangu, naona za shingo zimeshalegea."

Kwenye kila kioo chenye tishu ya mgonjwa cha kutazamwa kwa hadubini alibandika pembeni kipande cha tishu yenye afya. Kipande hicho kikishika rangi ya kahawia, dawa inayoonyesha protini hizo ni nzima na jibu linaaminika.

Mwaka jana, kioo cha mwalimu mmoja mwenye uvimbe wa titi kilitoka buluu tupu. Ikaonekana protini haipo, yaani ni ile saratani ambayo seli zake hutawanyika. Daktari alikuwa ameshashika kalamu aandike jibu hilo.

"Subiri, baba," Mama Gundi akasema. "Hata kipande cha mzima hakikushika. Nimeharibu mimi."

Jokofu lilikuwa limejaa, naye akawa ameisukumia chupa ya dawa kwenye sehemu ya kugandishia, ikaganda na kuharibika. Kazi ikarudiwa kwa chupa mpya, kahawia ikajitokeza kwenye kingo za seli, na matibabu ya mwalimu yakapangwa upya.

Jokofu la pili aliliomba mara sita. Limefika wiki iliyopita, akalipokea mwenyewe, akiwa anafungasha vitu vyake. Tunashukuru.

Pamoja nalo umekuja waraka wa uongozi: kipande cha pembeni kiondolewe, tuokoe robo ya dawa. Hesabu ni sahihi, ila mwalimu hayumo ndani yake. Daktari na sisi watano tuliobaki (nafasi yake haijatangazwa) tumejibu kwamba kioo kisicho na kipande hicho hatukitolei jibu.

Trei ya Jumatatu ameshaiandaa, kila kioo na kipande chake.

Mama Gundi, asante. Nenda ukalale mpaka saa mbili asubuhi, uwe na afya na siku nyingi za raha. Vioo tuachie sisi.