Mkono wa Gogogo

Wasikilizaji wapendwa, hodi masikioni mwenu, ni mimi bibi yenu wa redioni. Leo tunamkumbuka Gogogo, mtafiti wa samaki wa mtoni. Alifariki Jumanne, mtoni, akiwa kazini.

Jina hilo alipewa na mkewe. Gogogo ni samaki mwenye miiba. Ukimshika analalamika, go-go-go! "Mume wangu naye ukimwamsha asubuhi ni hivyo hivyo," bibie aliniambia. Tukacheka.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Anazamisha kinasa sauti majini, anavaa hedifoni, anawatambua samaki kwa milio yao. Miaka ishirini na miwili. Daftari zake zimejaa kabati, hadi leo zinanuka tope.

Na alikuwa na sheria moja. Akiinua mkono, injini izimwe, midomo ifungwe. Hata chafya unaimeza. Mdogo wake, nahodha wa boti, siku moja alipiga mluzi. Alishushwa ukingoni, akarudi kambini kwa miguu. Hakurudia tena.

Jumanne hiyo Gogogo alitangulia peke yake kwa mtumbwi, akapotelea kwenye matete. Kiboko akaibuka, mtumbwi ukapinduka. Mdogo wake kule nyuma hakuona kiboko, hakuona mtumbwi. Aliona mkono tu, juu ya matete. Mkono umeinuliwa.

Akazima injini. Boti nzima ikanyamaza. Dakika nzima, wapendwa.

"Nilimtii, bibi," aliniambia. "Nilimnyamazia kaka yangu akizama."

Tangu mazishi alikuwa anakaa nje ya geti la kaka yake. Haingii, hali chakula. Alisema hata feni ya ndani ikizimwa, kukiwa kimya, anauona ule mkono.

Kinasa sauti kilipatikana. Dakika ile imo. Hakuna sauti ya mtu. Ni samaki tu, go-go-go, go-go-go, mpaka mwisho.

Mjane aliisikiliza yote jana mchana. Akavaa kandambili, akaenda getini.

"Shemeji, inuka. Ulifanya alivyokufundisha."

Hakuinua kichwa.

"Nijibu basi! Au unataka nizike wawili?"

"Nipo, shemeji," akasema. Akaingia.

Poleni sana, wafiwa. Hapa huwa tunakaa kimya dakika moja kumuenzi marehemu. Leo mjane amekataa. "Bibi, wasimnyamazie tena."

Basi, wapendwa, tusinyamaze. Ukiona mkono umeinuliwa, usidhani unajua unasema nini. Uliza. Mwite kwa sauti.

Mimi naanza. Gogogo, mwanangu, una nini?