Fundi Mkia na Dirisha Lililopigwa Misumari

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Mkia, alizaliwa tarehe 3 Machi 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha viatu, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, na tangu utotoni hakuwa mtu wa kumeza maneno.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1982 hadi 1988, kisha chuo cha ufundi, alikomaliza Novemba 1992, mwanamke pekee katika darasa la kalibu, yale maumbo ya kumiminia vitu vilivyoyeyushwa. Juni 1996 aliajiriwa kwenye karakana ya chambo bandia, vile visamaki vya plastiki laini vinavyotungwa kwenye ndoana, na humo ndimo alimopata jina lake, kwa sababu mikia ya visamaki vya wenzake ilitoka mifupi, imejaa nusu, ya kwake ikatoka mizima hadi ncha. Vikitoka na mapovu, alijua kalibu ya plasta haijakauka; vikinatana, alijua mafuta ya kulainishia yamezidi; vikigeuka manjano, alizima jiko na kufoka, kwa kuwa plastiki iliyoungua hutoa moshi unaokata kifua.

Tarehe 9 Oktoba 1999 alifunga ndoa na mchoraji wa mabango, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 2001 na 2005.

Mwaka 2016 mwenye karakana alizima feni, akidai upepo unapoza kalibu na kukata mikia, akapigilia dirisha misumari ili washindani wasichungulie. Marehemu hakubishana kwa mdomo mtupu, alizipasha kalibu moto juu ya bati kabla ya kumimina, akawasha feni, akatoa visamaki arobaini, mikia arobaini mizima, akavimwaga mezani na kusema, "Haya, bosi, upepo umekata nini?" Bosi aliichukua njia hiyo, inatumika hadi leo, lakini feni akaikata waya isiwashwe tena. Marehemu alivumilia miaka sita akikohoa, kwa kuwa mabinti walikuwa bado wanasoma, hadi Februari 2022, alipong'oa misumari ile kwa koleo mchana kweupe, akafukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Madaktari walikuta mapafu yameharibiwa na moshi. Alilazwa mara nne, na mara ya mwisho aliomba kalamu, akawaandikia wakaguzi wa kazi malalamiko ya kurasa tatu, akipumzika kila baada ya mstari, akafariki Jumatano tarehe 14 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumbeba ngazini, na wafanyakazi wenzake watano, ambao jana walitia sahihi chini ya malalamiko yake, wakijua fika kinachowasubiri kazini. Nawe mwenye karakana, uliyeketi pale nyuma na shada lako, umeomba dakika mbili za kusema, familia imekaa, imekataa.

Pumzika, dada yetu, hakuna tena wa kukubania pumzi.